Chokaa ya Mzee Nthiga

Hapana, hajafutwa. Tangu Jumatatu watu wananisimamisha hapa geti wakiuliza hiyo, wengine mpaka wanashuka kwa boda. Hezekiah Nthiga hajafutwa kazi na hajakosana na mtu. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka ishirini na sita kwa hii yadi yetu ya Kinoru. Alikuwa amebakisha miwili. Ameiacha kwa sababu ya macho, na hiyo nitafika.

Rahema wa ofisi ndiye alisema niandike mimi haya maneno ya kumuaga. Alisema, "Wewe unaongea siku nzima bila mtu kukuuliza, leo ongea kwa karatasi." Mimi shule niliacha darasa la sita na kazi yangu hapa ni kuleta wateja, kwa hivyo makosa ya kuandika mtanisamehea. Hayo mengine mtaamua mkimaliza kusoma.

Mzee aliingia 1999, wakati tulikuwa tunauza plau na pampu za maji. Yeye ndiye alikuwa anafunga plau, anafungua pampu, anafukuza kuku wa jirani. Baadaye zikakuja hizi pikipiki za magurudumu manne, hizi tunaita kwadi. Ya kwanza ilikaa hapo mbele miezi mitano. Watu wanakuja, wanapiga picha, wanaenda. Mzee akasoma kile kitabu chake chote, na kamusi kando, akamaliza akasema, "Hii kitu itaumiza watu, na itawaumiza kwa sababu inakaa mpole."

Hapo ndipo alianza chokaa.

Kama hujawahi kununua kwetu, ilikuwa hivi. Ukishalipa, unadhani umemaliza. Bado. Mzee anakuja na ndoo ya chokaa mbichi, ile ya kupaka miti. Anakwambia, "Kanyaga." Unakanyaga na viatu vyako vyote viwili, unapanda kwadi, unazunguka yadi pole pole, unapanda kile kilima cha mchanga, unashuka. Halafu Mzee anafuata njia yako akiangalia chini. Akipata alama nyeupe, umeshusha mguu. Hupati funguo ya kwenda nayo. Unarudi kwa ndoo.

Shida ni boda. Huku kwetu mtu anajua boda kabla ajue kunyoa. Na boda ikiinama kidogo unashusha mguu, unaisimamisha, maisha inaendelea. Ukifanya hivyo na kwadi, taya ya nyuma, hiyo gurudumu ya mpira, inakuja inapanda huo mguu wako. Haiulizi. Mzee alikuwa anasema, "Miguu ikae juu hata ukiogopa. Ukiogopa ndiyo ikae zaidi."

Mwalimu mmoja wa kutoka Embu alizunguka mara kumi na tisa. Mara ya kumi na nane alilia. Mzee akamletea chai, akangoja amalize, akamwonyesha ndoo.

Na si miguu peke yake. Kuna Kithinji wa Kianjai, anauza nyama, alirudi siku ya pili na hasira ati tumemuuzia mashine ina wazimu, inarukaruka naye barabarani kama mbuzi amekanyaga moto. Mzee akabonyeza taya na kidole. Kithinji alikuwa ameijaza upepo kwa petroli steshen mpaka ikawa mawe. Mzee akatoa upepo polepole, akamwambia, "Hii taya inataka kuwa laini. Na lami si nyumbani kwake, ipeleke kwa matope." Akamwambia tena yale anaambianga kila mtu: wiki ya kwanza usiipige mafuta mpaka mwisho, oili ya kwanza imwagwe mapema, nati zote zikazwe upya baada ya siku chache. Ukipanda mlima, lala mbele. Ukishuka, kaa nyuma. Mteremko usiukate kando. Kiti ni cha mtu mmoja, hata kama mama mkwe amenuna. Kithinji alinunua helmeti siku hiyo, akaenda nayo kichwani mpaka buchari. Mpaka leo wateja wakichelewa kulipa anakata nyama ameivaa, kama mtu anaenda vitani.

Sasa nifike pale sikutaka kufika.

Miaka minne imepita. Nilileta mteja wa Gachoka, anaitwa Mbaka, mfugaji wa mbuzi, mtu wa kucheka. Pikapu ya kubeba kwadi ilikuwa imewashwa hapo nje. Nyumbani kwake pasta na watu wa kanisa walikuwa wameketi wakingoja kuombea mashine, na mvua ilikuwa inakuja tunaiona. Chokaa kwa ndoo ilikuwa imekauka. Mzee akasema, "Ngojeni nichote maji," akaenda huko nyuma kwa tangi.

Mbaka akaniangalia. Mimi nikamwambia, "Baba, wewe umeendesha boda miaka kumi na mbili. Utafundishwa nini na ndoo?" Funguo ilikuwa mkononi mwangu. Nikampatia.

Mzee alirudi na ndoo imejaa. Pikapu ilikuwa imetoka. Alisimama hapo kwa geti ameishika, maji yanamwagikia viatu.

Siku ya nne Mbaka alikuwa anashuka shamba ya mtoni na majani ya mbuzi. Kwadi ikainama kidogo tu. Akashusha mguu wa kushoto, vile boda ilimfundisha. Hospitali walimkata chini ya goti.

Tulienda kumwona, mimi na Mzee. Mimi nilinunua machungwa mengi sana, kwa sababu sikujua nitafanya nini na mikono. Mbaka hakututukana. Alimuuliza Mzee, "Fundi, ni nini ulikuwa unataka kuniambia ile siku?"

Mzee akaketi kwa kitanda, akamwambia. Yote. Miguu, upepo wa taya, kulala mbele, kukaa nyuma, oili, nati. Alichukua karibu saa nzima na hakuruka hata moja, kama Mbaka angeendesha kesho asubuhi. Wagonjwa wale wengine waligeuka kusikiliza. Mbaka alikuwa anaitikia tu, "Eeh. Eeh." Mimi nilikuwa namenya machungwa, hakuna mtu anakula.

Wakubwa walipouliza nani alipeana hiyo mashine bila mafunzo, Mzee aliandika jina lake mwenyewe. Alipewa barua ya onyo, ile moja tu kwa miaka yote ishirini na sita. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilinyamaza, na nyinyi mnajua mimi sinyamazangi. Rahema, iandike sasa kwa faili yake: ilikuwa mimi.

Miezi mitatu baadaye Purity, mke wa Mbaka, alishuka hapa geti na gambuti, zile buti za mpira, kwa mkoba. Aliniruka kama sipo. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee akasema, "Hiyo mashine bado iko na mbuzi bado wanakula. Leta hiyo chokaa." Raundi ya nne alipita. Mzee aliangalia njia yote mara mbili, halafu akaosha hizo gambuti yeye mwenyewe.

Mwaka huu tulianza kumwona Mzee akifuata njia ya mteja akiwa ameinama sana. Baadaye akawa anapapasa mchanga na mkono. Mwezi wa tisa akampitisha kijana mmoja, akampatia funguo, na Rahema kutoka dirishani akaona alama nyeupe pale chini ya kilima. Akakimbia akafunga geti. Mzee aliuliza, "Iko wapi?" Akaonyeshwa. Akauliza tena, "Iko wapi?" Hiyo wiki aliandika barua ya kustaafu.

Wakubwa wamesema hakutakuwa na mtu kwa nafasi yake. Wamechapisha karatasi, mteja atasoma akifika nyumbani. Ni karatasi nzuri, iko na picha.

Mzee, asante. Nenda kwenu Embu ulale mpaka jua ikutafute. Miti yako ipake chokaa nyeupe sana, ya kuonekana hata na macho yako. Na ile barua ya onyo, nisamehe.

Wewe mwenye unasoma, tufanye hivi. Kuna wengine wenu niliwapatia funguo haraka haraka, mnajijua. Hii Jumamosi, saa tatu asubuhi, njoo na kwadi yako na viatu unavaanga shambani. Maji nitakuwa nimechota. Ukizunguka bila alama, chai na mandazi ni yangu, kula mpaka uchoke. Ukiacha alama hata moja, funguo inabaki kwangu mpaka ile siku utapita. Mzee amekubali kuja kuketi. Haoni, kwa hivyo mimi nitafuata njia yako nikimsomea kwa sauti ni nini iko kwa mchanga. Ukinisikia nimeruka alama, simama umwambie Mzee hapo hapo mbele ya watu, na mimi nitavua viatu niondoke hii geti nisirudi. Umekubali?