Pazia la Chumba Namba Nne

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Pindo kwa jinsi alivyopinda nguo uzi usionekane, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba hii hii ya vyumba viwili mliyokuja leo kutufariji. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, 1974 hadi 1980, akajifunza ushonaji, na mwaka 1983 akaweka cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la viatu, asihame tena. Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa na seremala wake, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Februari 2021 kituo cha afya kilimpa kazi ya kushona pazia la chumba namba nne, ambamo hupimwa saratani ya shingo ya kizazi, akalishona zito, la kijani, ili mwanamke asione haya humo ndani, na muuguzi alipomsihi apimwe palepale, dakika chache tu, alijibu kwamba amekuja kupima dirisha.

Juni 2022, miaka mitano baada ya hedhi kukoma, alianza kutokwa damu, akamwambia mdogo wake wa kike, mwalimu anayewasomea haya, kwamba ujana umemrudia, atafutiwe mchumba, na mwalimu huyo, aliyefundisha watoto wa watu habari za mwili kwa miaka ishirini na sita, alicheka. Tulicheka sote, miezi kumi na sita.

Oktoba 2023 daktari alitueleza kwamba ugonjwa umeshafika kwenye kibofu, kwamba damu baada ya hedhi kukoma si ya kuchekewa hata tone moja, na kwamba ungegunduliwa mapema huenda ungetibika. Alivumilia mionzi, akafariki tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 58, na hadi siku hiyo, kati ya wanawake kumi na mmoja wa familia hii, hakuna aliyewahi kupita nyuma ya pazia lile.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi yule ambaye hakuchoka kutusihi, majirani, na mafundi wenzake waliomalizia nguo alizoacha mezani.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mabinti zake na mwalimu huyu watakuwa chumba namba nne, na benchi la nje ni refu, tunawaomba mje. Dada, pazia lako halijachuja. Pumzika sasa, kwa amani.