Pamba Iliyomwagwa Lamboni

Wasikilizaji wapendwa, kama una maji mkononi, yashike kidogo, usinywe bado. Leo tunamkumbuka Mzee Leodgar, Baba Justa, wa kijiji cha Mwalugoye, karibu na reli, upande wa Isaka. Tulimzika Jumapili. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Mzee Leodgar alikuwa msimamizi wa josho la kijiji. Akisema ogesheni ng'ombe, watu waliogesha. Lakini mwaka 1979 josho lilikuwa kavu. Dawa haikuja miaka miwili, na kupe walikuwa wanamaliza mifugo.

Machi ile mvua ikala tuta la reli. Behewa la mafuta likapinduka. Mafuta mazito, meusi, yakafuata mtaro mpaka kwenye lambo, maji pekee ya Mwalugoye. Asubuhi Mzee Leodgar akachovya kupe mmoja humo. Kupe akafa. Akasema, "Hii ni dawa. Leteni ng'ombe."

Nani angembishia? Wakaogesha humo humo lamboni. Ng'ombe wakanywa, wakajilamba. Wiki haikuisha, walikuwa wamekufa sitini na wawili. Jirani yake, Mzee Mageni, alikuwa na wanane. Wakafa wote wanane. Kambale wakaelea. Wanawake wakawa wanatembea mwendo wa saa tatu kufuata maji, saa tatu kurudi.

Mkutanoni watu waliilaani reli. Mzee Leodgar akainuka. "Reli imemwaga mafuta," alisema. "Ng'ombe wenu nimewaingiza mimi." Mzee Mageni akaondoka. Tangu siku ile hakumsalimia tena.

Juni wakavuna pamba. Mzee Leodgar alishaona pamba inavyofyonza mafuta. Akabeba magunia yake yote kumi na moja, akayamwaga lamboni. Mjane wake Tereza, Mama Justa, aliniambia hivi: "Nilimlilia. Nikamwambia, Baba Justa, hiyo ni sare ya watoto na chumvi ya mwaka mzima. Akanijibu, 'Na maji je, Mama Justa?'"

Aliivuta pamba ile kwa reki, nyeusi tii, akaizika mbali. Mwaka wa pili akarudia, na wengine wakaleta zao. Msimu wa tatu watu wakachota tena. Yeye hakuchota. Alipanda baiskeli na dumu lake kwenda kisima cha mbali. Alimwambia mkewe, "Ya hapa nitakunywa siku Mageni atakaponipa."

Miaka saba, wasikilizaji! Na nyumba zao zinatazamana. Mimi iliniuma sana kusikia hilo.

Alhamisi iliyopita Mzee Leodgar alikuwa hoi kitandani. Mzee Mageni akabisha hodi, mkononi kata ya maji ya lambo. "Kunywa, Baba Justa." Akanywa yote. Akasema, "Wabeja," asante ya Kisukuma. Jumamosi akafariki.

Makaburini nilimkuta Mzee Mageni amekaa peke yake. Aliniambia, "Nimechelewa. Nilimwacha mtu na kiu miaka saba."

Pole sana Mama Justa, pole Justa na wadogo zako, poleni wana Mwalugoye. Kambale hawajarudi lamboni mpaka leo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta yalizoleka, lakini mmeona kwa gharama gani.

Sasa, msikilizaji, yale maji niliyokuomba uyashike. Kama hakuna jirani anayeyangoja, kunywa. Kama yupo, nenda kampe.