Obonyo wa Mabango na Miaka Mitano Aliyoipata

Wasikilizaji wapendwa, karibuni popote redio yenu ilipo, iwe juu ya kabati au pembeni ya jiko. Jioni hii tunamkumbuka fundi. Jina lake Maurice Obonyo. Watu walimwita Obonyo wa Mabango. Alitutoka mwezi wa Mei, mwaka huu wa 1999, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Kama uliishi Kibera mwanzoni mwa miaka ya tisini, uliyasoma maandishi yake hata kama hukumjua. Kinyozi aliyekuwa mkabala na Soko la Toi, yule mwenye vichwa viwili ukutani, kimoja chenye nywele na kingine kimenyolewa. Kinu cha kusaga kilichoandikwa "Unga Safi, Hakuna Mawe". Duka la dawa lenye herufi nyekundu na kivuli cheusi. Yote hayo ni mkono wa Obonyo. Alikuwa akivuta uzi uliopakwa chaki, anauachilia ukutani, mstari unatokea umenyooka. Kisha anawasha sigara, anachovya brashi, anaanza. Watu waliotoka kununua sukuma wiki walisimama kumtazama hadi wakasahau walikokuwa wakienda.

Sigara hiyo alianza kuivuta akiwa na miaka kumi na saba, mwaka aliotoka Ugenya kuja Nairobi. Hakuiacha kwa miaka ishirini.

Upande wa Kawangware kulikuwa na fundi mwingine wa mabango. Yeye aliitwa Khamala, mtu wa Bungoma, na alifanyia kazi zake pale Kabiro. Hawa wawili hawakupatana. Mwaka wa 1991 Khamala alipaka rangi juu ya bango la Obonyo huko Riruta Satellite. Mwenye duka ndiye aliyemtuma, maana alikuwa amebadilisha biashara. Obonyo hakutaka kusikia hilo. Tangu siku hiyo wakikutana njiani, mmoja anaangalia viatu vyake, mwingine anaangalia mawingu.

Basi, wasikilizaji wapendwa, mvua za Aprili 1993 zilimletea Obonyo kikohozi. Mvua zikaisha, kikohozi kikabaki. Alipimwa makohozi, hakuna wadudu walioonekana. Hata hivyo alipewa dawa za kifua kikuu, kwa sababu kikohozi cha namna ile mtaani kila mtu alikijua kwa jina hilo. Alimeza dawa hizo miezi minane. Suruali ikaanza kumteleza kiunoni.

Asubuhi moja ya Januari alikuwa juu ya ngazi, akipaka ukuta mweupe pale Toi. Akakohoa. Matone ya damu yakaruka ukutani. Alichovya brashi, akayafunika kwa rangi, akashuka polepole. Hakumwambia mtu. Mkewe, Aoko, aliyajua siku mbili baadaye alipokuwa akifua leso.

"Nilimwuliza, Baba Hope, hii ni rangi ama ni damu?" anakumbuka Aoko. "Akanyamaza. Nikajua ni damu."

Hope ni binti yao. Wakati huo alikuwa na miaka mitatu.

Walikwenda hospitali kubwa. Picha ya kifua ilionyesha uvimbe juu ya pafu la kulia. Akapitishiwa mpira mwembamba kooni, kikachukuliwa kipande kidogo cha nyama kwenda kupimwa. Majibu yakatoka Februari 1994. Haikuwa kifua kikuu. Ilikuwa saratani ya mapafu.

Daktari wa upasuaji aliitwa Kilonzo. Alichukua karatasi, akachora mapafu ili aeleze. Obonyo aliutazama mchoro ule, akaomba kalamu, akayachora upya vizuri zaidi. Daktari akacheka, akatumia mchoro wa mgonjwa.

"Pafu la kulia lina sehemu tatu," akasema. "Ugonjwa uko hii ya juu, na umeanza kusogea kwa tezi za hapa katikati. Nikikata tu, naweza kuacha mabaki. Nikikupa dawa peke yake, uvimbe utapungua halafu urudi. Kwa hivyo tutaunganisha. Dawa ya mshipa kwanza, uvimbe unywee. Kisha kisu. Kisha mionzi, tuchome kilichobaki."

Dawa kwanza, kisu katikati, mionzi mwisho. Siku zile ilikuwa njia ngeni hata kwa madaktari wengi, na Kilonzo hakumficha hilo. "Siwezi kukuahidi kupona. Nakuahidi tu kwamba hii ndiyo nafasi kubwa zaidi niliyo nayo."

Habari zilifika Ugenya, na kaka yake mkubwa, Okello, akaja. Aliketi kwenye kile chumba chao cha Kibera, kofia ikiwa magotini.

"Hiyo ugonjwa ikipigwa na hewa inatembea mwili wote," Okello akasema. "Kuna mtu alipasuliwa huko kwetu, hakumaliza mwezi. Twende nyumbani. Kuna dawa ya miti."

Obonyo aligeukia ukuta. Alikuwa anaogopa kisu, na maneno ya kaka yake yalimpa mahali pa kujificha. Aoko aliliona hilo. Aliweka sufuria chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba Hope, ukitaka kukataa, kataa. Sitakushika. Lakini kataa kwa mdomo yako, usikatae kwa mdomo ya Okello."

Hope alikuwa sakafuni akichezea kifuniko cha mkebe wa rangi. Obonyo alimtazama sana. Mwishowe akasema, "Mwambieni daktari niko tayari." Okello alikasirika, lakini hakuondoka. Alibaki Nairobi hadi kisu kilipopita.

Dawa ya mshipa alipewa mara tatu, kila baada ya wiki tatu. Alitapika, nywele zikatoka. Sigara aliiacha siku ya kwanza ya dawa, na alisema baadaye kwamba hilo lilimtesa kuliko kutapika. Mwezi wa Mei picha ilionyesha uvimbe umenywea karibu nusu. Mwezi wa Juni 1994 Daktari Kilonzo alimpasua ubavuni, kuanzia chini ya kwapa hadi mgongoni, akatoa ile sehemu ya juu ya pafu pamoja na tezi.

Alipoamka alikuta mpira umetoka ubavuni ukiingia kwenye chupa ya maji iliyokuwa ikitoa mapovu. Muuguzi Ndunge alimpa mto aukumbatie.

"Kohoa," Ndunge akamwambia.

"Nitapasuka."

"Hutapasuka. Nimewakohoza wengi. Kohoa."

Akakohoa, machozi yakimtoka. Kila siku, asubuhi na mchana, akakohoa.

Siku ya sita akaja mgeni asiyemtarajia. Khamala alisimama miguuni pa kitanda, ameshika machungwa kwenye karatasi ya gazeti.

"Umekuja kuona kama nimekufa?" Obonyo akamwuliza.

"Nimekuja kukuambia kazi zako ziko sawa."

"Kazi gani?"

"Ile hoteli ya Satellite. Na yule fundi wa redio. Walikuwa wanakungojea, nikaona watachoka. Nimewaandikia. Lakini chini nimeweka jina yako."

Obonyo akauliza, "Herufi ya R umeiandikaje?"

"Na mkia, vile wewe huandika."

"Utakuwa umeiharibu," akasema Obonyo, na akachukua chungwa.

Mionzi ilianza Agosti. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano mfululizo. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi kama iliyoungua, koo likamwuma, akaishi kwa uji. Wiki ya nne alitaka kuacha. Khamala alimfuata nyumbani kila asubuhi, wakaenda pamoja. Njiani walibishana kuhusu rangi, ipi hufifia haraka juani, bluu au nyekundu. Hadi leo Khamala anasema ni nyekundu.

Mwaka wa 1995 Obonyo alirudi kazini. Pumzi haikumruhusu kupanda ngazi, kwa hivyo waliunganisha kazi. Obonyo alipiga mistari na kuandika chini, Khamala alipanda na kuandika juu. Ilikuwa miaka mizuri, wasikilizaji wapendwa. Walikunywa chai pamoja Kabiro, wakala samaki pamoja Toi, na ukipita ungewasikia wakigombana kabla hujawaona. Aoko anasema mumewe hakuwahi kucheka hivyo hata alipokuwa mzima.

Mwisho wa mwaka jana saratani ilirudi, safari hii kwenye ini. Daktari Kilonzo alimwambia ukweli kwamba hapakuwa na kisu cha kufika huko, na dawa ingempa wiki chache tu, nyingi za kutapika. Obonyo alikataa. Alikataa kwa mdomo wake mwenyewe. Alikaa nyumbani, akipewa dawa ya maumivu, na mchana mmoja wa Mei akafariki akiwa ameshikwa mkono na Aoko. Alizikwa Ugenya. Okello ndiye aliyeongoza mazishi, na mbele ya watu akasema, "Nilitaka kumnyima miaka mitano. Mungu anisamehe."

Kwa Aoko, kwa Hope, kwa Okello na ukoo wote wa Ugenya, poleni sana. Na kwako Khamala, ambaye jina lako halimo kwenye orodha ya ndugu, pole pia.

Nasi tuliobaki tujiulize. Ni nani nyumbani kwetu anakohoa mwezi wa tatu sasa? Amemeza dawa bila nafuu, na hakuna aliyerudi kuuliza kwa nini? Mrudishe hospitali. Omba picha ya kifua. Na kama bado unavuta sigara, fikiria chupa ile yenye mapovu.

Wapo waliomwambia Aoko kwamba kisu kile kilikuwa kazi bure, kwa kuwa Obonyo amekufa tu. Sisi pia tulimwuliza, kwa upole, anajibu nini.

"Kweli amekufa," Aoko akatuambia. "Lakini wakati ule Hope alikuwa na miaka mitatu. Angekuwa anaulizia baba yake kwa watu. Sasa ako na miaka tisa. Hakuna mtu anaweza kumwambia kitu hajui juu ya baba yake."