Nyumba ya Mama Iko Juu

Nahodha alimketisha mama mmoja mnene katikati ili boti isilale upande, mimi akanisukuma ukingoni pamoja na mizigo. Hadi Kagunga nikamsikiliza akibishana na dada mmoja aliyevaa raba.

“Mama, zahanati yetu pale Katubuka ina mazoezi kila Jumamosi, bure. Karibu.”

“Nikonde, mama yangu aseme mume ananinyima chakula? Tukionana, kwanza hunishika mkono. Akiukuta umejaa, anashukuru Mungu.”

“Mara ya mwisho alikushika lini?”

Yule mama akatazama maji. “Nyumba yake iko juu mlimani. Yeye hawezi kushuka, na mimi magoti yamekataa kupanda. Huniteremshia samaki, migebuka ya mawese, kwa kikapu, nakula hapo mwaloni boti zinapofikia, narudi mjini. Ladha ni ya mkono wake, lakini mkono wenyewe siuoni.”

“Basi njoo Jumamosi.”

“Halafu nipande, aushike wangu aukute umekonda?”

Boti ikagusa mchanga. Juu kabisa mlimani mtu alikuwa akipunga kitenge. Yule mama akainuka ghafla kumpungia, boti ikalala upande wetu, na nahodha, aliyetukaripia safari nzima tusisogee, akahamia upande wa pili kuisawazisha ili aendelee kupunga.