Bibi wa Zamani Alitisha Zaidi

Kijiwe cha kahawa cha Kija kiko Bariadi mjini, kwenye kona ambako malori ya pamba hupunguza mwendo, na hakuna jambo chini ya jua ambalo benchi lile halijalitolea hukumu. Jumapili hiyo asubuhi, watu ambao hawajawahi kushika kamera walikuwa wote waongozaji wa filamu. Alikuwepo Athanasi, aitwaye Refa kwa sababu huamua hata ugomvi ambao hakuuona. Alikuwepo Maganga, aitwaye Bei Elekezi, kwa kuwa kila kitu hukipangia bei na hakuna anayeifuata. Pembeni alikaa Limbu, fundi cherehani, kikombe mkononi, roho juu. Mama yake alikuwa njiani kutoka Ipililo, anahamia kwake moja kwa moja. Kijijini ng'ombe wa jirani alikuwa amekufa, na watu wakaanza kuyatazama macho ya mama, mekundu kwa moshi wa vijiti vya pamba na mavi ya ng'ombe anavyopikia tangu usichana wake. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Limbu alitaka kuwaambia wenzake kwamba mama anakuja, akawa anangoja nafasi.

Nafasi ataipata wapi? Jana yake banda la video lilikuwa limeonyesha "Bibi Karudi" mpya, filamu ya zamani iliyoigizwa upya, ya kikongwe aliyeuawa na wanakijiji akafufuka kuwamaliza.

— Wametudharau! Refa alianza. Mzimu gani ule una kucha za kubandika?

— Na kope, Bei Elekezi alidakia. Anamkaba mtu huku anaogopa kucha isibanduke!

— Halafu anakuja na bodaboda. Tena kavaa helmeti. Aliyekwishakufa anaogopa ajali!

— Bibi wa zamani alitembea kwa mguu, alisema Bei Elekezi, kwa uchungu wa mtu anayemkumbuka marehemu wake. Anakokota kanga kwenye majaruba ya mpunga. Leo mmoja, kesho mmoja. Ndiyo maana wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha maiti? Kija aliuliza, akimimina.

— Kibaba ni kibaba, bwana. Na akifika mlangoni anapiga hodi. Ana adabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone wapi, si ananyongwa?

— Methali huwa haifuatilii mambo mpaka mwisho.

Limbu alicheka. Kahawa ilimpalia.

— Nyie hamjui, Refa alisema, akishusha sauti. Siri iko kwenye macho. Huyu wa sasa kawekewa vioo vyekundu. Yule wa zamani yalikuwa mekundu ya kwake mwenyewe. Yule hakuwa anaigiza. Walimkuta mchawi vilevile, wakawasha kamera.

— Mbona hilo dogo, Bei Elekezi alimbeza. Yule mama alikuwa ameshakufa kabla hawajaanza kurekodi. Ndiyo maana hapepesi macho.

— Acha!

— Na unajua kwa nini wameirudia? Ile ya zamani, kila ikionyeshwa, bibi anaongeza mmoja. Mtu aliyepona ukiitazama Jumatatu, Jumatano unamkuta maiti. Watu wamekwisha humo ndani. Amebaki mbuzi.

Hata Refa aliinua kikombe, kwa heshima ya uongo wa kiwango kile.

— Macho huwa mekundu hata kwa moshi, Limbu alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

— Moshi! Sote tumekulia moshini, mbona yetu meupe?

Refa huyo hajawahi kukoroga hata uji. Limbu alitaka kumwambia hivyo, lakini aliogopa wangemuuliza kwa nini anamtetea mzimu.

— Haya wewe, Bei Elekezi alimgeukia. Ufungue mlango umkute bibi mwenye macho yale. Utafanyaje?

Benchi zima likamtolea macho.

— Naruka dirishani, Limbu alisema.

Wakacheka mpaka wakapigana migongoni. Limbu akacheka nao, na papo hapo akajichukia.

— Mwangaluka, sauti iliwasalimia nyuma yao.

Aligeuka. Mama alikuwa amesimama na kiroba cha michembe, viazi vikavu vya kwao, kichwani, kitenge kimejaa vumbi la safari, macho mekundu kama siku zote. Basi lilikuwa limewahi. Uso wake ulionyesha kwamba hakufika sasa hivi.

— Mwangaluka, mayu, walimwitikia kama mama yao, wakasogea. Kija alimpa kikombe.

— Nimeisikia filamu yenu, mama alisema. Nami niulize, wanangu. Huyo bibi, kabla hawajamuua, alikuwa amekosa nini?

Refa alijiweka sawa, tayari kuamua.

— Pale mwanzoni, mayu, wanakijiji wanakuja wanamuua.

— Kwa kosa gani?

— Kwenye ile ya zamani walikuja na mapanga, Bei Elekezi alimsaidia. Kwenye hii mpya wamekuja na petroli.

— Sijauliza walikuja na nini.

— Si yale macho yake... Refa alianza, kisha akajikuta anayatazama ana kwa ana. Akaufyata.

Lori la pamba likapita.

Limbu alisimama. Safari hii hakujali nani anaona.

— Huyu ndiye mama yangu mzazi, alisema. Anahamia kwangu, pale nyuma ya mashine ya kusaga. Na macho yake yameharibika akinipikia mimi.

Mama alitua kiroba, akajipenyeza katikati ya Refa na Bei Elekezi, akaipuliza kahawa yake.

— Fikirini jibu taratibu, wanangu, alisema. Mimi nimeshahamia.