Kizibo cha Fundi Cherehani

"Daktari aliniapia kizibo hiki cheupe cha jino kitadumu miaka saba! Wa pili haujaisha, kimeshapasuka!" Fundi cherehani alifoka ndani ya basi mpaka abiria wakageuka. Leo daktari angemtambua. Jino lenyewe lisije likang'olewa bure.

Mama aliyeketi naye, nesi mstaafu wa meno, hakuulizwa lakini alijibu. "Vingine hufika hata miaka kumi, mwanangu. Kikipasuka kibadilishwe upesi, jino lisiozee chini yake. " Akaitazama tepu ya kupimia shingoni mwa fundi. "Kwani uzi unakatia nini?"

"Meno! Mikono yote imeshika nguo, mkasi niushike kwa mguu?"

"Basi mwambie daktari hivyo hivyo."

"Thubutu! Nimpe fimbo ya kunichapia?"

Basi likasimama mbele ya kliniki. Fundi akashuka amefura, mdomo kaufumba, asije akajisahau akasema kweli.