Mikono Miwili ya Kushoto

Nilijifanya nasoma gazeti, maana umbea wa ndani ya basi haulipiwi nauli. Kiti cha mbele yangu, fundi cherehani, futi bado inaning'inia shingoni, alikuwa akimkatalia kazi nesi waliyekutana naye humo humo. "Kwa wiki nashona nguo nne, mwenzangu. Yako ni ya tano."

"Fundi gani anakimbia kazi?" nesi akamjia juu. "Mimi hapa nimeunganisha zamu mbili na niko fiti."

"Hata mimi nilikuwa fiti hivyo hivyo. Nilishona siku ishirini bila kupumzika, nikamwekea bibi harusi mikono miwili ya kushoto. Alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Tangu siku ile, saa kumi na moja jioni nafunga mashine, aje nani."

"Wateja watakukimbia."

"Wakikimbia watakuja wengine. Macho yangu yakinikimbia, nitayapata wapi?"

Basi likapunguza mwendo. Nesi akainuka, akasema atatafuta fundi mwenye bidii.

"Mtafute," fundi akajibu, akimpima kwa macho toka bega hadi kiuno. "Ila sweta umeligeuza, dada yangu. Mishono yote iko nje."

Mlango ukafunguka.